Straika wa miaka 19, mabao anayo ila dakika hana: abaki benchi au aende kwa mkopo?

Nguzo_ya_Pili aliuliza:

Wakuu, naomba tujadili hili kwa undani. Chukulieni straika wa miaka 19 aliyefunga sana timu ya vijana, sasa amepandishwa kikosi cha wakubwa. Mbele yake wapo namba tisa wawili wazoefu. Klabu inamtaka asaini miaka 4, na mwaka wa tano wa nyongeza kwa hiari ya klabu peke yake. Wakati huohuo timu ya daraja la chini inamwomba kwa mkopo wa msimu mzima.

Nataka kujua mambo matatu. Mabao ya timu ya vijana yana uzito gani kwa wanaosajili? Kipi kinawaangusha mastraika wengi kati ya miaka 18 na 22? Na kwenye karatasi, kabla ya kalamu kugusa, akague nini? Majibu ya "ajitume tu" hayatamsaidia mtu, naomba tuingie kwenye kazi yenyewe.

---

Kocha_wa_Boksi alijibu:

Tuanze na hesabu. Mabao ya vijana usiyahesabu kwa mechi, yahesabu kwa dakika. Toa penalti, gawanya mabao yaliyobaki kwa dakika alizocheza, zidisha kwa 90. Mwenye mabao 9 katika dakika 1,350 anaonekana ana 0.6 kwa kila dakika 90. Kama 4 kati yake ni penalti, yanabaki 5 na kiwango kinashuka hadi 0.33. Klabu inayojua kusajili hutazama hiyo 0.33, kwa sababu huko anakokwenda mpigaji penalti yupo tayari. Kwenye kipimo cha xG, yaani mabao yanayotarajiwa kutokana na ubora wa nafasi, penalti moja huhesabiwa karibu 0.78, kwa hiyo penalti chache tu zinaipamba takwimu ya mtu msimu mzima.

Baada ya hapo tazama mashuti, tena yalipigwa kutoka wapi. Kijana anayefika kwenye nafasi tatu nzuri kila mechi na kukosa mbili ana tatizo la umaliziaji, na umaliziaji hufundishika. Kijana mwenye mabao mengi ya mita 25 ndiye wa kumwogopea. Msimu ujao mashuti yaleyale yatapaa juu ya mtambaa panya na hatakuwa na kingine cha kuonyesha.

Kinachowaangusha wengi wakifika kwa wakubwa ni beki, na si kwa sababu beki ana mbio zaidi. Kwa vijana, straika mwenye kasi anapigiwa mpira nyuma ya mabeki na mambo yanaisha. Kwa wakubwa mabeki wanashuka mapema, nafasi ile haipo, na mpira unamfikia akiwa ameipa goli mgongo huku mtu wa kilo 85 amemwegemea. Hapo kuna vitu vitatu vya kukagua. Je, anautanguliza mwili dhidi ya beki kabla mpira haujafika, au anasubiri agongwe? Je, anaupokea kwa mguu ulio mbali na beki? Je, anajua nani yuko wapi kabla ya mpira kumfikia, yaani ametazama begani walau mara mbili pasi ikiwa bado haijapigwa? Anayeshindwa vitu hivi hupoteza mpira mara sita au saba kipindi cha kwanza, na kocha anamtoa hata kama alikuwa mfungaji bora wa vijana wote.

Ndani ya boksi nako kuna jambo ambalo wengi hufundishwa nusu. Goli lina upana wa mita 7.32, na kisanduku kidogo kinaishia mita 5.5 kutoka mstari wa goli. Krosi ikiandaliwa, straika mchanga hukimbilia goli moja kwa moja. Beki anakimbia naye, wote wanafika pamoja na mpira unaondolewa. Straika aliyepikika husimama nyuma ya bega la beki, mahali ambapo beki hawezi kumwona yeye na mpira kwa wakati mmoja. Anatoka na hatua mbili za uongo kuelekea nguzo ya mbali. Beki akishahamisha uzito wa mwili kumfuata, ndipo anakata mbele yake kuelekea nguzo ya karibu. Saa ya kukata ni pale winga anapogusa mpira mguso wa mwisho na kuinua kichwa. Akikata mapema anafika na kusimama, na straika aliyesimama anakabika kirahisi. Akichelewa, mpira unampita.

Kwa pasi ya kurudi nyuma kutoka mstari wa goli kazi inageuka. Mabeki wote wanakimbilia goli lao, basi yeye afunge breki karibu na alama ya penalti, mita 11, aache wimbi lipite. Nafasi ile hubaki wazi kwa sekunde moja hivi. Ukitazama mechi yoyote ya wakubwa utaona mabao mengi ya namba tisa ni ya mguso mmoja. Hakuna muda wa kutuliza.

Mazoezini basi asipige mashuti 100 mfululizo. Miguu ikichoka anajizoesha makosa. Seti 4 za mashuti 6 zinatosha, apumzike sekunde 60 hadi 90 katikati, mipira ije kwa njia tofauti: krosi ya chini, pasi ya nyuma, mpira unaodunda. Yote mguso mmoja. Na shuti likipaa, kabla ya kumlaumu mguu unaopiga tazama ule uliosimama. Mara nyingi umebaki nyuma ya mpira, mwili umelala, mguu unauchota mpira kutoka chini. Usogeze mguu wa kusimamia uwe ubavuni mwa mpira, goti likunjike kidogo, kifua kiwe juu ya mpira. Shuti linashuka palepale.

---

Mtu_wa_Mikataba alijibu:

Kocha amemaliza uwanjani, niingie kwenye karatasi.

Huo mwaka wa tano wa hiari ya klabu ndio wa kuupigania kwanza. Maana yake klabu inaweza kumbakiza akifunga na kumwacha akiumia, yeye hana sauti. Aombe mojawapo: uondoke kabisa, au uanze tu pande zote mbili zikikubali, au ufungwe kwenye kiwango cha mechi alizoanza, na mshahara wa mwaka huo uandikwe leo kwa tarakimu. "Mshahara utajadiliwa" ni ahadi tupu. Kanuni za FIFA zinaruhusu mkataba wa hadi miaka 5, na kwa aliye chini ya miaka 18 mwisho ni miaka 3. Yeye ana 19, kwa hiyo miaka 4 na nyongeza 1 inafika ukutani.

Ukomo wa mkataba ni silaha ya straika kuliko mchezaji mwingine yeyote, kwa sababu bei ya mabao ni kubwa. Mkataba ukibakiza miezi 6 au pungufu, anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya msimu ujao. Straika Robert Lewandowski alifanya hivyo Januari 2014: alisaini na klabu ya Bayern akiwa bado Dortmund, akahamia kiangazi bila ada ya uhamisho. Klabu ikijua mlango huo upo, itamwita mezani mapema.

Bonasi ya mabao isomwe neno kwa neno. Inahesabu mechi zipi, za ligi tu au mechi rasmi zote? Na penalti? Je, inaendelea kulipwa akiwa kwa mkopo, na anailipa nani? Usikubali bonasi inayoanza bao la 15 kwa kijana ambaye hana uhakika wa kuanza mechi 15. Afadhali ndogo kwa kila mechi anayoanza.

Vipengele vya kumlinda. Mishahara miwili ikipita tarehe bila kulipwa, anaiandikia klabu kuidai na kuipa siku 15. Zikiisha bila malipo ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Barua iwe ya maandishi na nakala abaki nayo, kwani madai ya mdomo hayahesabiki popote. Madai yanayokwenda FIFA nayo yana ukomo wa miaka 2 tangu tukio lenyewe. Halafu kuna kifungu ambacho vijana wengi hawakijui: mchezaji ambaye tayari amejijenga, akicheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu yake kwa msimu, anaweza kuomba kuvunja mkataba kwa sababu ya kimichezo, ndani ya siku 15 baada ya mechi rasmi ya mwisho ya klabu. Neno "aliyejijenga" lina uzito, na kwa kijana wa miaka 19 ni vigumu kulithibitisha. Asijenge nyumba juu yake.

Akiambiwa "mkataba utakuwa halali ukifaulu vipimo vya afya", akatae. Kanuni hairuhusu uhalali wa mkataba kufungwa kwenye vipimo vya afya wala kibali cha kazi. Vipimo vifanyike kwanza, kalamu baadaye.

Na wakala awe na leseni ya FIFA. Anayemdai mchezaji pesa ya "kumtafutia majaribio" aachwe siku hiyohiyo.

---

Winga_Mstaafu alijibu:

Nampinga kidogo anayedhani mkopo ni dawa ya kila straika. Straika Harry Kane alikopeshwa Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester, na si kote alikopata dakika za kutosha. Pale Leicester msimu wa 2012/13 yeye na straika mwenzake Jamie Vardy walikaa benchi moja. Msimu wa 2015/16 Kane alimaliza na mabao 25 ya Ligi Kuu ya Uingereza, Vardy 24. Kwa hiyo mkopo mbaya haumuui mtu, lakini nusu msimu anaupoteza, na kwa miaka 19 nusu msimu ni mali.

Kinachoamua ni timu inayomkopa inachezaje. Tazameni mechi zake tano za mwisho, muhesabu krosi na pasi zinazoingia ndani ya boksi. Timu inayojilinda dakika 80 na kumpigia namba tisa mipira mirefu itamgeuza kijana mfupi mwenye mbio kuwa mgongaji vichwa. Akirudi na mabao 2, klabu mama itasema hajakomaa, na hakuna atakayeangalia kwamba mpira safi alikuwa anaupata mara moja kwa mechi. Muulizeni kocha wa huko pia: aliyefunga msimu uliopita yupo au ameondoka? Kama yupo, kijana anakwenda kubadilisha benchi.

Na kocha mwenyewe mkataba wake unaisha lini? Kocha aliyemwomba akifukuzwa Oktoba, anayekuja hana deni kwa kijana.

---

Mtu_wa_Mikataba alijibu:

Winga yuko sahihi, naongezea upande wa karatasi. Mkataba wa mkopo uwe na kipengele cha kumrudisha dirisha dogo la usajili, katikati ya msimu, asipofikisha idadi fulani ya mechi alizoanza, tuseme 10. Klabu nyingine huweka ada ya mkopo inayopungua kadiri anavyocheza, na hiyo humpa kocha sababu ya kumpanga. Iandikwe nani analipa mshahara, na akiumia nani anaamua matibabu na upasuaji.

Hapa watu huumia kwa kutojua: ndani ya msimu mmoja mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu 3, lakini mechi rasmi anachezea 2 tu. Akiingia dakika 5 klabu mama mwezi Agosti, akaenda mkopo akacheza, tayari ni mbili. Mkopo ukiharibika Januari, hawezi kwenda kuchezea timu ya tatu msimu huo. Anarudi nyumbani kukaa. Ipo nafuu kwa ligi ambazo misimu yake hupishana, lakini asiitegemee bila kuuliza. Kama mpango ni mkopo, zile dakika 5 za Agosti zina gharama.

---

Nguzo_ya_Pili aliandika:

Shukrani wakuu. Hilo la klabu 3 na mechi za klabu 2 sikulijua kabisa. Matatu yamebaki. Ukame wa mabao: straika akipita mechi saba au nane bila bao, abadilishe nini? Na mwili: misuli ya nyuma ya paja inawaondoa wengi wenye mbio. Na la mwisho: je, daraja la chini watu wanalidharau kupita kiasi?

---

Kocha_wa_Boksi alijibu:

Ukame una aina mbili na dawa zake hazifanani. Fungua video, hesabu nafasi alizopata ndani ya boksi mechi hizo nane, ulinganishe na nane zilizotangulia. Kama nafasi ni zilezile ila mabao hayaingii, usiguse chochote kwenye mwendo wake. Zoezi lilelile la mguso mmoja, asianze kupiga kwa nguvu kuliko kawaida, asianze kutoa pasi mahali ambapo zamani angepiga. Kosa hilo la mwisho ndilo linalorefusha ukame, na linaonekana waziwazi: mpira unamkuta mita 9 kutoka golini, anauvuta pembeni kutafuta mguu anaoupenda, beki amefika.

Kama nafasi zenyewe zimepotea, tatizo liko kabla ya shuti. Labda ameanza kushuka katikati kutafuta mpira kwa sababu ya njaa ya kuugusa, na krosi ikija boksi ni tupu. Labda winga aliyekuwa akimlisha ameumia. Labda wapinzani wamemsoma, kila mara anakata nguzo ya karibu. Hapo kinachobadilishwa ni mwendo.

Thierry Henry alipotua Arsenal 1999 akitokea Juventus, alikokuwa akichezeshwa pembeni, alipita mechi nane za mwanzo bila bao. Lewandowski msimu wake wa kwanza Dortmund, 2010/11, alifunga mabao 8 ya ligi, uliofuata akafunga 22. Wote wawili waliachwa waendelee kucheza. Kocha anayemtoa kijana baada ya mechi tatu kavu ajibu kwanza kama amehesabu nafasi.

Daraja la chini, ndiyo, linadharauliwa. Straika Mkenya Michael Olunga alikuwa na Kashiwa Reysol daraja la pili la Japani mwaka 2019, na Novemba mwaka huo alifunga mabao 8 katika mechi moja dhidi ya Kyoto Sanga. Wapo waliosema ni mabao ya daraja la pili. Mwaka uliofuata timu ilikuwa imepanda, akafunga 28 ligi kuu na kuwa mchezaji bora wa ligi. Kilichovuka daraja ni namna alivyofika kwenye mpira: mbio ndefu nyuma ya beki, mwili mbele, mguu wa kushoto. Vitu vya namna hiyo vinahama na mtu.

---

Tiba_ya_Misuli alijibu:

Nyama za nyuma ya paja huchanika zaidi straika akiwa kwenye kasi ya juu kabisa, pale mguu unapotupwa mbele na misuli inajaribu kuuzuia huku ikinyooka. Kwa hiyo kuulinda kwa kunyoosha peke yake hakutoshi. Misuli inatakiwa iwe na nguvu ikiwa imerefuka.

Zoezi lenye ushahidi mzuri ni la kupiga magoti, mwenzako akashika vifundo vya miguu, ukajishusha mbele polepole mwili ukiwa umenyooka kuanzia goti hadi bega, ukiuzuia mwili usianguke kwa nyama za nyuma ya paja tu. Ukishindwa kuzuia, unadaka chini kwa mikono na kujisukuma kurudi. Wiki ya 1 siku moja tu, seti 2 za 5. Wiki ya 2 siku mbili, seti 2 za 6. Wiki ya 3 siku tatu, seti 3 za 6 hadi 8. Ya 4 seti 3 za 8 hadi 10. Kuanzia ya 5 hadi ya 10, seti 3: 12, 10, 8. Wanaoharibu ni wanaoanza na 12 siku ya kwanza: wanapata maumivu makali siku mbili tatu, wanasema zoezi ni baya, wanaacha. Na kiuno kisikunjike. Kikikunjika, mzigo unatoka kwenye misuli unayoitaka.

Pili, asiache kukimbia kwa kasi kamili. Mchezaji wa benchi ndiye aliye hatarini: wiki tatu mazoezi ya uwanja mdogo, halafu anaingizwa dakika ya 70 na kuambiwa akimbie nyuma ya mabeki. Mwili haujagusa kasi ile muda mrefu, paja linachanika. Kila wiki afanye mbio za mita 30 hadi 40 zinazopita asilimia 90 ya kasi yake ya juu, 4 hadi 6, mara moja au mbili, akiwa amepumzika, mbali na siku ya mechi. Asiyecheza Jumamosi azifanye mara baada ya mechi au kesho yake, wenzake wakipumzika.

Akichanika, asirudi kwa sababu maumivu yameisha. Maumivu hutangulia kuisha. Arudi baada ya kukimbia kasi kamili mazoezini zaidi ya mara moja bila woga, na nguvu ya mguu ule ikikaribiana na mwenzake. Goti likikatika kano ya mbele ya kati (ACL), muda wa chini ni miezi 9, hata kama dirisha la usajili linafungwa kabla ya hapo.

---

Winga_Mstaafu alijibu:

Kwa wanaomwandalia video ya kutuma klabu: dakika 3 hadi 5, si 12. Kila kipande kianze sekunde 8 hadi 10 kabla mpira haujamfikia, ili anayetazama aone alivyomwacha beki. Ukianza na shuti umemnyima anayesajili kitu anachokitafuta. Weka pia vipande vya kukaba, na mipira miwili mitatu aliyopokea akiwa amebanwa. Mwishoni ambatisha mechi 2 nzima zisizokatwa, moja iwe ambayo hakufunga. Muziki toa.

---

Nguzo_ya_Pili aliandika:

Basi hatua ziko hivi: hesabu ya mabao bila penalti, kisha mechi tano za timu inayomtaka tuhesabu mipira inayoingia boksi. Mkataba unarudishwa ili mwaka wa tano uandikwe mshahara na kiwango cha mechi, na mkopo uwe na kipengele cha mechi 10. Mpaka suala la mkopo lijulikane, asiingizwe mechi rasmi ya klabu mama. Tiba, hizo mbio za kasi, akiwa kwenye wiki ya 1 ya zoezi la magoti zinaruhusiwa?

---

Tiba_ya_Misuli alijibu:

Zinaruhusiwa, ila mbio zitangulie. Mbio kwanza akiwa mbichi, zoezi la magoti mwisho wa siku hiyohiyo, kesho yake kazi nyepesi. Usiweke zoezi la magoti siku ya kuamkia mbio.